Kinyama cha Mama

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Sisi huku tunapumua. Mama anakula kidogo na kikohozi bado kinamsumbua, lakini ulimi wake haujaugua hata chembe. Jana alimwambia muuguzi kuwa mto wa wodini una hali mbaya kuliko yeye.

Salamu zimetosha. Nimekukasirikia, Kaka, tena sana.

Jumapili ulimpigia Mama simu ukamwambia akatae sindano ya pili ya pafuni, eti madaktari wanamfanyia majaribio. Wewe ukakata simu ukaenda zako. Mimi ndiye niliyeshinda naye akiwa ameugeukia ukuta. Hukuuliza hata hiyo sindano ni ya nini. Daktari alitueleza kuwa ndani ya seli za saratani kuna vimeng'enya vinavyopokezana amri ya kuzaliana, na mara nyingine kimoja hukwama kama swichi ya taa isiyozimika. Vipo vidonge vya kukizima. Ipo pia dripu ya kuiamsha kinga ya mwili ipambane yenyewe. Ila akianza dripu kwa kubahatisha, kisha ikaonekana alihitaji vidonge, dawa hizo mbili zikikutana mwilini mapafu yanaweza kuvimba vibaya. Kwa hiyo kinyama, kile kipande kidogo cha pafu kinachotolewa kwa sindano, kipimwe kwanza, na kile cha kwanza hakikutosha.

Hapo ndipo ulipojitia ujuaji. Ukamwandikia mkuu wa maabara ninayofanyia kazi kuwa mafundi wake ni wazembe, ukamtaja Babu Nta kwa sababu uliwahi kunisikia nikimsifu. Mzee aliyenifundisha kazi, anayegandisha vinyama kwenye nta na kuvikata vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Sasa amesimamishwa, yuko nyumbani, na kiti chake kimewekewa maboksi.

Ningependa kukufokea mpaka karatasi iishe. Lakini sina haki hiyo, na sababu naiandika sasa hivi kabla sijajionea huruma.

Kwetu maabara mtu hakati kinyama cha ndugu yake. Cha Mama kilipofika, Babu Nta alikigandisha kwenye nta, akakiweka kwenye trei yake akaenda kunawa mikono. Nikakichukua. Kipande cha kwanza kilijikunja, cha pili kikachanika. Cha tatu kilikuwa kizuri tu. Angekuwa mgonjwa mwingine ningeridhika nacho. Kwa Mama nilitaka kioo cha darubini kisicho na mkunjo hata mmoja, nikaendelea kuzungusha mpini wa mashine ya kukatia. Nilipokuja kukiinua kwenye mwanga, nyama yote ilikuwa imekwisha, imebaki nta tupu. Nikakirudisha kwenye trei yake. Babu Nta alikitazama, akanitazama mimi, halafu akaandika jina lake mwenyewe kwenye daftari kuwa ndiye aliyekata. Mkuu alipouliza nani aliyekata, mimi niliangalia viatu vyangu.

Leo asubuhi nimemwambia Mama yote. Nilitamani anichape. Badala yake akauliza cha pili kitakatwa na nani. Nikasema sijui. Akasema atachomwa sindano Alhamisi ya wiki ijayo, ila kinyama chake kikatwe na yule mzee, na kwamba mimi na wewe ndio tuliomtoa kwenye kiti chake, basi ni sisi tutakaomrudisha. La sivyo hachomwi, na nisimletee maneno mengine.

Barua yangu ya kukiri mkuu ameshaipokea. Huenda wiki ijayo sina kazi. Yako bado. Hii naituma kwa mkono wa jirani yetu, na keshokutwa anarudi. Mpe barua ya kufuta malalamiko, uiandike mwenyewe. Ukimpigia Mama simu, muulize tu kama amekula.

Msalimie wifi, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Mchana nilipita kwa Babu Nta kumwomba radhi. Aliniuliza kama kisu cha mashine nimekifuta vizuri, akanipa kiti. Wewe bado nimekukasirikia. Yeye hajanikasirikia hata kidogo, na tangu nitoke kwake sijaweza kula.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba