Mshale Unaomwelekea Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Rangi ya vibao vinane imekauka. Vyote vina neno moja tu — KIVUTIO — na mshale. Nikauliza, kivutio gani? Mkuu wa kitengo cha utalii, ambaye sote tunamwita Kamusi kwa jinsi anavyosahihisha watu maneno, akasema kamati ilibishana majina wiki mbili ikashindwa. Mgeni ataona mwenyewe akifika. Lengo ni watalii waache kujazana pale Kasri, watawanyike kwenye vivutio visivyojulikana. Nimezaliwa mji huu, nina miaka arobaini na mbili, na sita kati ya hivyo vinane sikuwahi kuvisikia. Basi kweli havijulikani!

Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Nisiharibu.

Jumatano, 5 Machi

Saba tayari. Cha nane kimenitoa jasho. Karatasi inasema: kisima cha kale, nyuma ya soko la vitambaa. Nimezunguka saa nzima na ngazi begani. Kisima hakuna. Mlinzi wa maegesho ya magari akaniambia kilifukiwa zamani sana, hapo hapo alipoweka kiti chake. Hata hakuinuka.

Jua kali. Nguzo tupu ya karibu ilikuwa ile iliyo mbele ya nyumba ya dada. Nikakifunga hapo. Kwa muda tu! Nikaingia kunywa maji.

Shemeji kama kawaida — kiti mlangoni, mikono magotini, kimya. Aliendesha lifti ya jengo la bima miaka thelathini na moja. Zilipokuja lifti za kubonyeza mwenyewe, wakampa saa ya ukutani wakamshika mkono wa kwaheri. Huu mwezi wa kumi na moja hajasema neno. Dada anasema afadhali hata angegomba.

Nimeshafika nyumbani ndipo nimekumbuka: mshale unamwelekea yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Dada kanipigia simu kazini. Watalii sita wamesimama mlangoni wanamtazama mume wake. Mmoja kamzunguka mpaka nyuma ya kiti. Wanapiga picha. Nikauliza, na yeye? Naye anawatazama. Nikasema labda wamepotea njia. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 7 Machi

Ameongea! Dada alikuwa analia kwenye simu, nikadhani msiba. Leo walikuja wanane. Shemeji kawahesabu kwa kidole, kasimama, kafunga kifungo cha juu cha shati, kauliza:

"Ghorofa ya ngapi?"

Miezi kumi na moja — na neno la kwanza ndilo hilo! Mgeni mmoja mwenye koti la mvua kaonyesha juu. Basi kawapandisha. Nyumba yenyewe ina ghorofa nne za ngazi tupu, lifti haijawahi kuiona.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kujionea. Foleni imefika kwa muuza magodoro.

Anapakia wanane, si zaidi. Wa tisa anabaki chini na dada mpaka "irudi". Anatangulia kinyumenyume, mgongo ukutani, na kila wakifika kwenye mlango anatangaza: "Ghorofa ya kwanza! Fundi viatu, na mama wa mapacha. Wanaoshuka?" Kwa kawaida hashuki mtu. Jana mmoja alishuka kweli, mama wa mapacha akampa mtoto mmoja ambembeleze. Inasemekana alimlaza vizuri.

Tulipofika ghorofa ya tatu tukasimama ghafla. Shemeji akaninong'oneza: "Tumezidi uzito kidogo, shemeji. Tutulie." Tukatulia. Watu wazima wanane, kwenye ngazi za saruji, hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Kisha akasema sawa, tukaendelea.

Juu ya paa — Kasri, kwa nyuma! Soksi za walinzi kwenye kamba. Yule simba wa mawe anayetisha wote pale mbele, mgongoni hakuchongwa kabisa, ni bapa kama ubao wa kukatia mboga. Mama mmoja mgeni alicheka mpaka akakaa chini. Mbele amempiga picha simba huyo mara tatu, kasema, na hakujua kitu.

Jioni Shemeji kala sahani mbili. Kamwambia dada mchuzi hauna chumvi. Dada alivyonisimulia, ungedhani ananisomea barua ya mapenzi.

Jumanne, 11 Machi

Kamusi kaniita. Ripoti ya wageni imetoka, kivutio namba nane kinaongoza, kamati imefurahi. Ijumaa saa nne wanakuja kukiona kisima.

Nikasema ukweli wote. Kamusi akavua miwani.

"Kivutio kiko ngeli ya ki-vi. Shemeji yako ni a-wa. Haiwezekani."

"Lakini watu wanavutika, mkuu."

"Wanavutwa na kibao." Akafuta miwani muda mrefu. Kibao kitoke kabla ya saa nne, nikipeleke kwenye kisima. Nikasema kisima hakipo. Akasema kwenye orodha kipo. Na kwamba mkataba wangu uko mezani kwake, haujasainiwa.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia dada. Alikuwa anakunja nguo. Akakunja shati lilelile mara tatu.

"Ukikitoa, utakuja kukaa naye wewe."

Ijumaa, 14 Machi

Nimefika saa tatu na nusu, ngazi na spana. Shemeji yuko ndani ya sare yake ya zamani, vifungo vinang'aa, kanyoa. Kaniambia nisiweke ngazi mlangoni, nawazibia abiria njia.

Nimepanda vidato vitatu tu — hao! Kamati, kabla ya wakati. Watu saba na Kamusi wa nane. Nikataka kueleza. Shemeji kashawahesabu: wanane, imejaa, tusogee ndani tafadhali. Kamusi naye kasogea ndani.

Sasa ni dakika arobaini. Naandika hapahapa juu ya ngazi, daftari gotini, spana mfukoni. Nati sijaigusa. Dada katoka, kaishikilia ngazi kwa mikono miwili isitikisike. Haniombi kitu. Kasema tu, "Angalia usianguke, mdogo wangu."

Huko juu kulikuwa na kicheko kirefu cha watu wengi. Kimoja sikuwahi kukisikia — naapa ni cha Kamusi.

Wanashuka. "Ghorofa ya pili!" Chini yao fundi viatu anagonga. "Ghorofa ya kwanza! Wanaoshuka?" Mtu kashuka. Mapacha wanalia, mmoja kanyamaza.

Mlango umefunguka. Wametoka saba. Kamusi hayumo. Mwenyekiti wa kamati anakitazama kibao, ananitazama mimi, anaitazama spana inayochungulia mfukoni. Dada ameikaza ngazi zaidi, naisikia miguuni.

Shemeji kasimama pembeni, mkono umeuzuia mlango usijifunge, anasubiri kwa adabu.

"Na wewe, shemeji? Unapanda au unashuka?"