Kisanduku Kitupu Mahali pa Picha

Jumanne jioni

Nisamehe, daftari yangu, nimekaa muda mrefu bila kukuandikia. Mkono ambao baba ya mtoto wangu Neema aliuvunja kwa mchi ndio ninaoandikia, na bado unauma.

Leo ametuma tena imeli kutoka Bafwasende: "Nitakukatakata kama muhogo." Wakili anataka nizihifadhi zote kwa ajili ya kesi yangu tribunali, kwa hiyo lazima nizisome. Ya wiki iliyopita ndiyo iliyonitoa jasho: "Umefungua asubuhi. Uko Kisangani." Nani alimwambia?

Binamu yangu Aziza anafanya kazi kwenye siba, duka la intaneti. "Yaya, dada yangu, ni wewe mwenyewe," akasema. "Kila imeli anaweka picha ya ubatizo wa Neema. Picha yenyewe haiko ndani ya imeli: ukifungua, simu inaenda kuichukua kwenye tovuti yake, naye anaona saa na mji. Zima picha, usome maandishi tu."

Tukazima. Sasa mahali pa uso wa mtoto wangu kuna kisanduku kitupu, na chini yake: onyesha picha. Kidole kilitaka kugusa. Sina nyingine ya siku ile hapa.

Sikugusa.

Baadaye akaandika: "Mbona haufungui? Umekufa?" Bon, aamini hivyo. Nilikuwa nimeshasoma kila neno.

Mama yangu akipata mtu wa pikipiki wa kuniletea vitu kutoka kwake Bengamisa, bado nahitaji kadi ya chanjo ya Neema, kitenge cha kumbebea, sufuria ndogo. Na ile picha ya ubatizo iliyo ukutani kwa Mama. Ya karatasi.