Jamaa ya mutu mumoja

Bunia, Saio

Mama Prudence,

Natumaini mulifika kwenu Mahagi muzuri, na mutoto amepunguza kukohoa. Hapa mvua inanyesha, umeme unakatika, na ile kuku yako nyeusi siku hizi inatagia kwa jirani.

Ile programu niliyokuwa natengeneza kwa masini, ya kuandikisha jamaa zilizokimbia vita ya Djugu, nimeimaliza. Unakumbuka wakubwa wa shirika walikuja kwetu kunielezea wanataka nini, na weye ukawapikia sombe ya majani ya muhogo. Niliwauliza jamaa inaanzia watu wangapi. Wakasema wawili, nikaandika wawili, wala hakuna aliyebisha. Kwetu nani anakula peke yake?

Juzi tuliijaribu kambini. Mama muzee mumoja, Gertrude, akataja jina lake. Masini ikamukatalia: "Ongeza mutu." Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, nimutoe wapi?"

Nikarudi nyumbani, nikapika fufu, ikatosha watu watatu. Nikafungua masini, nikaandika jina langu tu. Ikanikatalia na miye.

Yale maneno tuliyotupiana siku uliyoenda, sitaki kuyarudilia. Ile kanuni nimeibadilisha, na mama Gertrude ameandikwa leo asubuhi, peke yake. Lakini jamaa yetu ya Saio, ile niliyoandika mwanzo kwa kujaribu programu, miye, weye na mutoto, nimeiacha na watu watatu. Masini haijui kama ni uongo. Miye pia sijui bado.

Ni miye, nikiwa hapa hapa,
Papa Prudence