Kura Uliyotususisha

Kigwa, Uyui
Jumapili

Kaka Renatus,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dar es Salaam, wewe, wifi Julieth na watoto. Sisi huku tunapumua, mvua ndiyo imechelewa. Sikupigi simu kwa sababu kwenye simu hunikatiza, na leo nataka unisikilize mpaka mwisho.

Wiki ile ya uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji ulirekodi sauti yako ukaituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Ulisema kupiga kura si wajibu wa mtu yeyote, kwamba kukaa nyumbani nako ni kutoa maoni, na kwamba tukisusa wote mwenyekiti Masolwa ataona aibu aachie ngazi. Masolwa huyu huyu aliyeipiga kufuli pampu ya kijiji akidai ni mbovu! Lakini wewe ndiye msomi wetu, na vijana wanakusikiliza. Mume wangu Vedasto aliirudia sauti hiyo huku akichonga mpini wa jembe, kisha akaniambia haendi. Nikamwuliza ni lini Masolwa amewahi kuona aibu. Akanijibu nisibishane na watu waliosoma.

Mimi nilikwenda. Mama naye alikwenda na fimbo yake, akisema marehemu baba hakuwahi kumwachia jirani amchagulie maji ya kunywa. Foleni ilikuwa fupi ya kutia huruma: ndugu zake Masolwa, wakwe zake, na watu wanaolima mashamba yake. Hao hawakususa. Marcelina, aliyegombea dhidi yake na kuahidi kuifungua pampu siku atakayoingia madarakani, alishindwa kwa kura ambazo zingepatikana kwenye nyumba za majirani zetu tu.

Matokeo yalipotangazwa, Masolwa alifunga spika pale gulioni akapiga sauti yako. Yako, Renatus! Akapanda juu ya kiti akasema anamshukuru kijana wetu wa Dar aliyemfanyia kampeni bila kuvaa fulana. Watu wakacheka. Mama alikuwa amekwisha kupimiwa chumvi. Aliiacha mezani akaondoka.

Tangu hapo ufunguo uko kwa Masolwa. Pampu inafanya kazi vizuri kabisa, ila maji yake yanapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe kwenda kufyatua matofali yake. Sisi wanawake tunachimba mchanga mtoni na kungoja maji yajitokeze, tukigombana na mifugo. Mwanangu Benedikta aliharisha mpaka macho yakazama, tukamkimbiza Tabora mjini akalazwa. Amepona, namshukuru Mungu. Lakini pale kando ya kitanda Vedasto aliniambia, "Mama Bene, ningekwenda."

Sikatai kwamba mtu anaweza kukaa nyumbani siku ya kura. Lakini anayesusa asuse chake. Wewe hata hukujiandikisha Kigwa. Ulisusa maji yetu huku bomba likitiririka jikoni kwako. Nilikwenda kupiga kura si kwa kuipenda serikali, wala hakuna aliyenilazimisha. Nilikwenda kwa sababu mtoto wa jirani anakunywa maji ninayokunywa mimi. Kama huo si wajibu, basi sijui wajibu ni kitu gani.

Hata hivyo ningekusamehe. Ningesema ni makosa ya mtu aliyesoma sana na kukaa mbali. Lakini juzi nilipita kwenye kile kiwanja tulichokitenga kijiji kizima kwa ajili ya zahanati, nikakuta matofali yamepangwa na mafundi wanachimba msingi. Nikamwuliza fundi Alois anamjengea nani. Alishangaa, akaniuliza kama kweli siijui nyumba ya kaka yangu. Akasema Masolwa alikukatia kiwanja hicho ulipokuja Pasaka, kabla ya uchaguzi, na kwamba yeye Alois ndiye aliyekushikia kamba ya kupimia.

Kwa hiyo hukuwa unatushauri, Renatus. Ulikuwa unalipia kiwanja. Na matofali yale ya Masolwa yamefyatuliwa kwa maji aliyokosa mwanangu.

Jumamosi kuna mkutano mkuu wa kijiji. Nitasimama niyaseme haya yote mbele ya watu. Alois ameweka chini mwiko wake na amekubali kusimama nami. Vedasto amepita nyumba kwa nyumba, na safari hii hakuna kijana aliyesema atabaki kwake. Treni bado inasimama hapa. Njoo ujieleze mwenyewe. Usipokuja, nitasema bila wewe.

Msalimie sana wifi Julieth, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Wao hawana kosa. Mama nimemsomea barua hii yote. Nilipomwuliza niandike salamu gani kutoka kwake, aliniambia niache nafasi tupu. Nimeiacha hapa chini.



Ni mimi mdogo wako,
Levina