Mvua ya Dubai

Jumanne, baada ya isha

Basi nimechagua mpango wa simu ya mkononi wenye dakika chache, kwa safari zangu za kuleta nguo kutoka Dubai. Dakika nyingi zingeliwa na salamu za Hooyo, mama yangu.

Tumeelewana. Salamu atanirekodia kwenye kaseti, kama siku zote. Simu atapiga kutoka posta akiugua tu. Presha yake inanitia wasiwasi, na kaseti hufika baada ya wiki.

"Hooyo, tujaribu. Jifanye mgonjwa."

Akaweka kikombe sikioni. "Assalamu alaykum, mwanangu. Watu wa huko wazima? Mvua imenyesha? Ngamia wao je?"

Nilicheka mpaka naye akacheka. Kesho nampigia muuzaji Nairobi aniongezee dakika.