Kinywaji Nilichokiita Garimoshi

Jumatatu, 10 Juni 1957

Upepo tena. Vumbi mpaka ndani ya glasi. Nimezifuta zote, nikazifuta mara ya pili. Bwana meneja wa hoteli kapitisha kidole juu ya kaunta ya baa, hakusema kitu. Kwake hiyo ndiyo sifa.

Mzungu mmoja wa reli kaniambia nimchanganyie kitu ambacho hajawahi kunywa. Nikampa jini, tangawizi, limau na asali kidogo ya kwetu. Kanywa mbili. Kauliza kinaitwaje. Sikuwa na jina. Nimejisikia fahari kutwa nzima, na sioni haya kuandika.

Alhamisi, 13 Juni

Maganga kapata cherehani yake mwenyewe. Miaka tisa kashona barazani kwa Mhindi, kwa cherehani ya Mhindi. Sasa basi. Mwezi ujao anahamia chumba cha barabarani. Nimemkuta anaipangusa utadhani mtoto katoka kuogeshwa. Nikamwambia Mnyamwezi kazi yake ni upagazi, cherehani ya nini? Kasema Mgogo akiona chuma kinang'aa hutafuta pa kukikamulia maziwa. Mkewe Kalunde alicheka mpaka akakaa chini.

Watani sisi. Tangu tujuane, miaka hiyo hiyo tisa, hatujapeana neno la adabu hata moja.

Jumamosi sina zamu. Nitamtembeza. Sheria imelegezwa, siku hizi hata sisi Waafrika tunaruhusiwa vinywaji vikali vya chupa. Nataka aonje kazi yangu.

Jumapili, 16 Juni, asubuhi

Niandike kabla sijasahau. Jana ilikuwa jioni nzuri kuliko zote.

Tulianzia hotelini. Mbele, barazani, si mlango wa jikoni. Tulikaa nusu saa bila kuulizwa. Mwishowe mwenzangu wa zamu akaleta jini na tangawizi. Maganga akanywa taratibu, kidole cha mwisho juu. Kasema tamu, ila viti vinamtazama vibaya.

Kisha Uhindini, kwenye baa ya Mgoa. Brandi, maziwa, sukari, kungumanga juu. Maganga akauliza kama hiyo ni pombe au uji wa mzazi. Mgoa mwenyewe alicheka.

Kisha kilabuni Majengo. Pombe ya mtama iliyotiwa asali, kata moja inazunguka, watu wanaimba. Huko hakuna kiti kilichotutazama vibaya.

Tukamalizia kwake. Nilinunua chupa ya moshi, ile gongo ya kificho, kwa mwanamke wa nyuma ya kilabu. Nikaikoroga na ukwaju, asali, limau na unga wa ubuyu. Nikaiita Garimoshi, kwa sababu ina moshi na inakufikisha Tabora kabla hujasimama. Maganga kalipenda jina kupita kiasi. Nikatupia kitambaa mkononi, nikamhudumia kama bwana mkubwa. Kwetu anayekukaribisha pombe huonja kwanza, akuondoe shaka. Maganga akasema, "Onja basi, Mgogo, nisife bure." Nikamwambia hotelini mhudumu haonji glasi ya mgeni. Alikunywa glasi tatu. Mimi hata tone.

Kichwa changu chepesi leo. Nimekwenda ibada ya kwanza.

Jumapili, jioni

Kalunde kaja mbio. Maganga anatapika, tumbo linamkata, anasema nyumba imejaa ukungu mweupe. Nilicheka kwanza. Nikamwambia ni uchovu wa pombe. Nikaenda. Nikamtania, hakujibu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Lori la misheni lilikuwa linarudi Mvumi, kwenye hospitali yao. Tukampandisha, nikapanda na mimi. Daktari akauliza amekunywa nini. Kalunde akanitazama.

Nikasema bia. Bia, na brandi kidogo ya dukani. Moshi ni jela, na kazi yangu imekwisha. Nilifikiri kesho ataamka mzima na mimi nitakuwa nimejiponza bure. Daktari akaandika nilichosema. Nimerudi na lori lile lile lilipotumwa tena mjini, sijala.

Jumatatu, 17 Juni

Kazini. Nimevunja glasi mbili.

Mpishi kaleta habari. Mwanamke wa moshi kakimbia usiku. Mtu mmoja wa Majengo kafa, mwingine haoni. Yule mwanamke alikuwa anatia spiriti ya kuwashia taa za karabai ili moshi ukolee. Mpishi anasimulia huku anamenya viazi. Nilitoka nje nikatapika, mimi ambaye sikunywa.

Jumanne, 18 Juni

Nimekwenda Mvumi kwa baiskeli, tangu alfajiri. Sikuomba ruhusa. Nimemwambia daktari yote. Hakunifokea. Afadhali angefoka. Kasema dawa ipo, lakini ni ya siku ile ile. Jumapili ingeweza kumsaidia. Hana hakika, ila ingeweza. Leo, hapana.

Maganga kalala macho wazi. Mazuri, meupe, hayana kidonda. Kauliza ni nani kaingia. Nilikuwa nimesimama mbele yake.

Nimeshindwa kumwambia. Nikasema nimemletea machungwa. Mwongo mimi.

Ijumaa, 21 Juni

Sipati usingizi. Angekunywa moshi mtupu, angesikia harufu ya spiriti. Pua yake kali, huitambua pamba ya uongo kwa kuinusa. Ukwaju ndio uliomdanganya. Ukwaju, asali, limau. Niliifunika harufu yote, na niliifunika vizuri. Kazi safi kabisa.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Mama alikuwa akitukemea hivyo tukicheza. Nilidhani ni maneno ya kutuliza watoto.

Bwana meneja kanisamehe utoro. Kasema wageni wanaulizia kile kinywaji cha asali. Nimewachanganyia.

Jumamosi, 29 Juni

Maganga karudi nyumbani. Anahesabu hatua kutoka kitandani hadi mlangoni. Watu wanakuja na pole zao. Mmoja kasema Buigiri wanawafundisha vipofu. Kalunde kamjibu kwamba pale ni shule ya watoto.

Walipoondoka nikamwambia Maganga. Kwamba daktari aliuliza na mimi nikasema bia. Kwamba dawa ilikuwepo. Kalunde alikuwa uani anatwanga.

Kauliza neno moja tu. "Jumapili?"

Nikasema ndiyo, Jumapili.

Alikuwa ameshika pindo la shati lake, anapapasa mshono, anakwenda mpaka mwisho na kurudi. Nilingoja anitukane. Mtani ana ruhusa hata msibani, hata kaburini. Aniite muuaji, aniite mchawi, aniite Mgogo mwenye njaa, lolote. Aliendelea na mshono wake. Uani mchi ulikuwa umenyamaza.

Alhamisi, 4 Julai

Kaka zake Maganga wameandika. Arudi kwao Tabora. Chumba cha barabarani kachukua mtu mwingine, muuza sabuni.

Kalunde hajanijibu salamu tangu ile siku. Ana haki.

Jumapili, 7 Julai

Nimewasindikiza stesheni. Sikualikwa, nimekwenda. Cherehani kaifunga Kalunde kwenye kanga mbili, hakutaka niiguse. Kasema atajifunza kushona yeye.

Baridi, upepo mdogo. Behewa la daraja la tatu limejaa. Nilimshika Maganga mkono kumwonyesha ngazi, akaniacha nimshike. Mkono mwepesi, amekonda. Alipokwisha kupanda akageuza uso, si kwangu hasa, pembeni kidogo.

Akasema, "Asante sana, bwana. Mungu akubariki."

Nikasubiri. Miaka tisa, kila neno jema lake lilikuwa na mkia wa utani. Kengele ikapigwa, treni ikaanza kwenda, na mimi bado nasubiri.