Jino la Triza

Tassia, gorofa ya tano
Nairobi
14 Juni 2025

Mpendwa dada yangu Nangila,

Nakusalimu. Mgongo wako unaendeleaje? Natumaini siku hizi unapata nafasi ya kulala. Mimi ni mzima. Simu mwajiri wako anakupa Ijumaa tu, dakika kumi, kwa hiyo naandika. Jirani yetu Wavinya anasafiri huko Alhamisi, ataibeba barua.

Mwanao Triza amepewa tarehe ya upasuaji: Jumatano, 2 Julai. Tundu la moyo litazibwa. Daktari anasema hatari ni ndogo, lakini ipo. Sitakuficha.

Uliuliza kwa nini tumengoja miezi saba. Ni jino. Daktari wa moyo hakutaka kumpasua kabla jino bovu halijang'olewa, lisije likapeleka vijidudu moyoni. Daktari wa meno, aliye hospitali nyingine, hakutaka kuling'oa kabla wa moyo hajamwandikia dawa za kumpa. Kila mmoja aliniambia, "Tutawasiliana." Nikaamini. Miaka thelathini ya kuandika habari sikuwahi kukubali jibu hilo kwa mtu yeyote. Kosa ni langu.

Jumatatu nilikaa mlangoni pa kliniki ya moyo na daftari langu. Nesi Lydiah akacheka: "Mzee, umeleta mgonjwa ama umekuja kutuhoji?"

"Yote mawili, sista."

Daktari alipotoka, nilimpigia simu yule wa meno, nikampa huyu wa moyo waongee. Waliongea dakika nne. Kesho yake jino likang'olewa.

Tangu juzi Triza amelazwa, ili kikohozi kiishe kabla ya siku hiyo. Naruhusiwa kumwona saa moja tu kwa siku. Nikirudi bado nasimama kwenye ngazi za gorofa ya tatu, pale anapoketi kuvuta pumzi. Nasimama kitambo, kisha nakumbuka hakuna ninayemngoja.

Mama na ndugu yetu Wanyonyi wanakusalimu kutoka Kimilili. Mama, kukhu wa Triza, haulizi mengi. Anauliza tarehe tu, kila jioni.

Lile jino nilitaka kulirusha juu ya paa, lakini juu yetu kuna gorofa mbili za watu. Triza alinikemea: "Mjomba, wacha! Si lako. Mama ndiye atalirusha, kwa kukhu." Nikamuuliza kama nikutumie kwa mkono wa Wavinya. Akakataa. Anasema ulifuate.

Liko ndani ya kikombe chako, kabatini.

Mungu akuhifadhi huko uliko.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye,
Wasike